Fukizo la Saba

Jicho ndilo lililoanza. Nilikuwa na miaka kumi, katikati ya miaka ya hamsini, nyumbani kwetu kisiwani Amu. Niliamka jicho la kushoto linaona kama limefunikwa kwa leso iliyolowa. Baada ya wiki tatu likapona. Kisha miguu ikafa ganzi, nayo ikarudi. Kuja na kuondoka huko ndiko watu walikoshindwa kunisamehe. Kiwete wa kila siku walimwelewa. Mtoto anayekimbia Jumatatu na kuburura mguu Alhamisi walimwita mwongo.

"Huyu mwana hana maradhi," jirani alimwambia mama, nami nipo papo hapo. "Hataki kufagia."

Nilikuwa nikisoma chuoni kwa mwalimu mmoja mwanamke, mtaa wa pili, orofa ya juu. Nilibakiza kurasa chache kuhitimu Kurani, na siku ya kuzisoma mbele ya wenzangu ilikwisha pangwa. Lakini nilikuwa nimeanguka njiani mara mbili, na bibi, mama yake baba, akaweka sharti: nikianguka tena, sitoki tena. Maradhi sikuyaogopa kama nilivyoliogopa neno hilo. Nyumba zetu za mawe zina vyumba vya ndani sana. Mtu akiwekwa huko huweza kusahaulika akiwa hai.

Bibi alinipenda, na kwa mapenzi hayo akamwita mganga. Mganga akasema nina jini, akaagiza mafukizo saba, moja kila asubuhi. Chungu cha majani yanayochemka huwekwa mbele yako, unafunikwa blanketi gubigubi, unavuta mvuke mpaka jini achoke. Asubuhi ya kwanza niliingia kwa miguu yangu, nikatolewa nimebebwa. Ya pili vivyo hivyo.

"Jini amelegea," mganga akasema, amefurahi.

"Aliyelegea ni mimi," nikasema. Bibi akanifinya.

Baada ya kila fukizo mama alinipeleka msalani kuniosha jasho. Huko kulikuwa na birika la mawe lenye visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu, na maji yake hayakuwahi kuona jua. Alinimiminia maji kwa kata ya kifuu, kata baada ya kata. Siku ya nne nikaanza kuhesabu: kata ya kumi, vidole vikaijua sakafu, ya ishirini, nikaweza kusimama. Mvuke ulininyang'anya miguu, maji yakanirudishia. Kuliona hilo hakukuhitaji mganga.

Fukizo la saba likaangukia siku yangu ya kuhitimu.

"Siingii," nikasema, chungu kikitokota.

"La saba ndilo lenye dawa, mjukuu wangu."

"Basi aingie mganga, bibi. Akitoka anatembea, nami nitaingia."

"Wewe! Adabu! Na hiyo ndia ya chuoni utaiwezaye?"

Mama, ambaye hakuwahi kumpinga mkwewe, alichukua kata, akaelekea msalani. Nikamfuata nikishika ukuta. Aliniogesha na nguo zangu mwilini, ili ubaridi ukae. Nikatoka nikidondosha maji njia nzima, bibi nyuma yangu, kila hatua yangu na istighfari yake.

Sikuanguka. Lakini nilipofika kwenye ngazi za mwalimu, jua lilikwisha nikausha, na mguu wa kushoto ukagoma. Nikaketi kwenye kidato cha kwanza, nikapanda kwa makalio, kinyumenyume, kidato kwa kidato.

"Tazameni kaa!" msichana mmoja akapiga kelele toka juu.

"Kaa hufika," nikamjibu, napanda.

Mwalimu hakucheka wala hakunihurumia. "Sauti umekuja nayo?" akauliza. "Basi soma."

Nikasoma mpaka neno la mwisho.

Miaka mingi baadaye daktari alinipa jina refu la kizungu la maradhi yangu, akanieleza: kinga ya mwili hukosea, ikatafuna ngozi inayofunika neva, na habari za ubongo zikapotea njiani. Ni nadra kuanza utotoni, lakini huanza. Nikamuuliza kuhusu joto. "Huzidisha udhaifu," akasema. Nikacheka mpaka akashangaa. Siku hizi ninatumia kiti cha magurudumu, na lile jicho lina ukungu wa kudumu. Penye ngazi bado napanda kinyumenyume. Anayetaka kutazama na atazame.

Bibi hakuwahi kusema kwamba alikosea. Lakini asubuhi iliyofuata siku ile ya kuhitimu, mganga alipobisha hodi, alimpazia sauti toka msalani: "Mwana anaoga!" Kata ilikuwa mkononi mwake, na hesabu ya kunimiminia ilikuwa imefika kumi na nane.