Sahani Mbili za Ouma

Betri za redio zikianikwa juani hutoa harufu ya chuma na karatasi iliyoungua kidogo, na mpaka leo nikiipata harufu hiyo moyo wangu unashuka. Miaka ile ya ujamaa betri zilikuwa adimu kijijini kwetu kuliko nyama. Duka la kijiji lilikuwa na chumvi siku likibahatika, majembe yasiyo na mipini, na rafu ndefu tupu ambazo muuzaji alizifuta vumbi kila asubuhi kana kwamba kuna mgeni anakuja. Kwa hiyo betri zikichoka hatukuzitupa. Mama alizipanga juu ya jiwe la kusagia, akazigeuza jua lilivyosogea, nasi watoto tukafukuzwa tusipite karibu. Zikishika joto zilifufuka kidogo, zikatosha ama taarifa ya habari ya Baba, ama nyimbo mbili tatu za gramafoni ya Ouma. Hapo ndipo wazazi wangu walipogombana. Baba alisema mtu mzima hawezi kukosa kujua dunia inakwendaje. Mama alisema dunia yake iko Nairobi na haijatajwa kwenye taarifa hata siku moja.

Ouma alikuwa kaka yetu wa kwanza. Alikuwa Nairobi akimpikia Mzungu mmoja kapera, na sisi tulikuwa upande wa Tarime, mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka Sirari mpakani, katika kijiji kipya kilichopangwa nyumba kwa mistari. Tulikuwa Wajaluo wachache katikati ya Wakurya, tukaishi nao kwa kutaniana. Tulipohamishwa kutoka kwenye boma letu la zamani, Mama hakulilia shamba wala kisima. Alililia kibanda cha Ouma, kile ambacho kwetu kijana hujengewa uani na huitwa simba. Alipofika kijijini akajenga kingine nyuma ya nyumba yetu, akakikandika kwa mikono yake. Balozi wa nyumba kumi akaja kuuliza ni cha nani. Mama akamjibu ni cha mwanawe. Balozi akasema huyo mwana hayumo katika watu wa kijiji. Mama akamwambia, basi mwandike, maana hata sukari ikigawiwa nitaidai ya kwake. Na kweli aliidai, watu wakacheka mpaka wakachoka kucheka.

Ouma alikuja likizo mara ya mwisho msimu wa kupalilia mtama. Alishuka na gramafoni ndogo ya betri yenye mfuniko kama sanduku la nguo, na sahani moja tu ya santuri. Jalada lake lilikuwa na picha ya kichwa cha mtu kilichochipua majani badala ya nywele. Baba aliitazama, akaigeuza, akauliza kama ni dawa. Muziki wenyewe hatukuwahi kuusikia mfano wake. Magitaa yalilia kama yana homa, kinanda kikazunguka kutoka sikio hili kwenda lile, na waimbaji waliimba kwa mbali, kama mdomo umejaa maji. Balozi alipita akasema huo ni muziki wa mabeberu na kijiji cha ujamaa hakiutaki, kisha akasimama pale pale mpaka upande wa kwanza ukaisha. Mimi nilikuwa na umri wa kutosha kubeba ndoo ya maji kichwani bila kushika, na niliupenda muziki ule kwa sababu Ouma aliupenda. Sikuhitaji sababu nyingine.

Lakini yeye mwenyewe hakuridhika na sahani yake. Alituambia sahani hii imetengenezwa Nairobi, na kwamba bwana wake anayo iliyotoka Ulaya, jalada lile lile, nyimbo zile zile, ila ukizisikiliza zote mbili hutasema ni ndugu. Ile ya Ulaya ngoma zake zinatoka chini kabisa, zinatikisa vikombe kabatini. Hii ya Nairobi ngoma zake ni nyepesi, na wimbo wa mwisho umekatwa. "Kule mwishoni kuna mvua, Mama," alisema. "Wanamaliza kuimba, halafu mvua inanyesha peke yake mpaka sahani inakwisha. Hapa wameikata. Nitakuletea yenye mvua." Baba akamuuliza kwa nini asimwombe bwana wake ile ile. Ouma akacheka. "Yule? Yule hata vumbi la sahani analifuta mwenyewe, mimi nisiiguse. Siku akiitoa ile, ujue kuna jambo."

Kuna kitu kingine, na hiki ndicho kilichotuchekesha zaidi. Sahani ya yule bwana ilikuwa na mkwaruzo upande wa pili, katika wimbo wa tatu, na sindano ikipita pale hugonga mara tatu. Ouma aliujua wimbo ule akiwa jikoni kwa watu, kupitia mlangoni, kwa hiyo aliujua pamoja na kugonga kwake. Sahani yake mwenyewe haikuwa na mkwaruzo, lakini kila ilipofika mahali pale aligonga kwa ulimi: tak, tak, tak. Alikuwa hajui kama anafanya. Akichota maji, akipalilia, akivaa viatu, aliimba wimbo ule na kugonga mahali pake, mpaka sisi wote nyumbani tukawa tunagonga naye. Mama alijifunza kugonga kabla hajaujua wimbo.

Akarudi Nairobi, akatuachia gramafoni na sahani. Mwanzoni salamu zilifika kwa watu waliovuka. Kisha zikapungua. Kisha mpaka ukafungwa, na Sirari ikawa mahali pa askari na maneno ya chini chini. Wafanyabiashara walipita porini, lakini wale waliopita hawakumjua Ouma. Msimu ukaisha, mwingine ukaisha, nao mwingine. Mama aliendelea kukandika simba ya Ouma kila kiangazi. Ikasemwa kwamba kuna Mjaluo aligongwa na gari Nairobi; ikasemwa kwamba ni mwingine, wa Shirati; ikasemwa kwamba alikwenda Mombasa akaoa. Baba aliacha kutaja jina lake wakati wa kula.

Ndipo baba mkubwa, Mzee Olwal, alipokuja kukaa kwetu juma zima. Alikuja kwa ajili ya yago. Yago ni lile tunda refu zito la mti wa mwegea, unene wa paja la mtu. Kwetu mtu akipotea mbali na maiti yake isionekane, huzikwa yago mahali pake, na likizikwa limezikwa: watu hulia, hunyoa, na jina huingia kwa waliokufa. Asipozikwa hivyo anatangatanga, na walio nyumbani hawatulii. Miegea jirani na kijiji ilikuwa imekatwa, kwa hiyo Baba alitembea mpaka Mto Mara, chini kuelekea Serengeti, akarudi na tunda moja amelibeba begani. Alilitua nyuma ya ghala, akalifunika na shuka. Mama alikuwa anapepeta mtama. Hakuinua macho. Mimi nililiogopa tunda lile kupita nilivyoogopa maiti yoyote niliyoona baadaye, kwa sababu lilikuwa na urefu wa mtoto aliyelala.

Siku moja kabla ya maziko, Mama Boke, jirani yetu Mkurya aliyekuwa akivuka porini na mahindi, aliingia uani akatoa kitu ndani ya gunia, kimefungwa kwa kanga. Ilikuwa sahani. Kile kichwa chenye majani kilitutazama. Mama alikaa chini pale pale kwenye vumbi.

"Nani amekupa?" Baba aliuliza.

"Nimepewa na shemeji yangu ng'ambo, naye kapewa na utingo wa basi," alisema Mama Boke. "Maneno ni haya tu, sina mengine: hii ni ya nyumbani kwa Ouma. Mimi nisingewaficha, jamani."

Mzee Olwal alisema sahani si mtu, na pombe ya maziko imeshaiva. Lakini Mama alikuwa ameshasimama. Sijawahi kumsikia akisema mbele ya shemeji yake kwa sauti ile. "Wuon Ouma," alimwita Baba kwa jina la mtoto wake, kama Baba naye alivyomwita yeye Min Ouma, "zipigwe zote mbili. Hii ikiwa ni ya Nairobi kama ile, basi ni vitu vyake vimerudishwa, mzikeni, nami nitanyoa. Ikiwa ni ya Ulaya, yenye mvua, basi mwanangu yupo. Aliniahidi. Nani mwingine angejua kuniletea mvua?"

 Baba akaingia ndani, akatoa betri kwenye redio yake mwenyewe, akaziweka juu ya jiwe la kusagia. Tulikaa tukizitazama mpaka jua lilipovuka utosini. Mama Boke hakuondoka. Balozi naye akaja, akakaa pembeni na kofia yake mapajani, na siku hiyo hakusema neno juu ya mabeberu.

Tulianza na ya Nairobi, upande wa pili. Niliijua kila pumzi yake. Ngoma nyepesi, wimbo wa tatu ukapita laini bila kugonga, na sote tukasikia mahali palipokosekana ulimi wa Ouma. Wimbo wa mwisho ukakatika. Baba akaibadilisha. Sahani hii ya pili ilikuwa nzito mkononi, ukingo wake mnene, nayo ilinukia sabuni na chumba cha watu wengine. Sindano ilipotua, sauti ilitoka polepole, betri zilikuwa zinachoka, lakini ngoma zilitoka chini kabisa, nikazisikia kwenye nyayo. Mama alishika mkono wangu. Wimbo wa kwanza, wa pili. Katika wimbo wa tatu sindano ikagonga: tak. Tak. Tak.

Mama alipiga kigelegele ambacho bado ninacho masikioni. "Mano e wuoda!" alipaza sauti. Huyo ni mwanangu! "Mnamsikia? Ni yeye anagonga! Hata ulimi wake ameutuma!" Mama Boke akapiga kigelegele cha Kikurya juu ya cha Kijaluo, na mimi nikaruka ruka, nikilia na kucheka. Nilifurahi siku ile kuliko siku yoyote ya utoto wangu. Nilimtazama Baba ili tufurahi pamoja. Alikuwa ameweka kiganja juu ya mdomo, anaitazama sahani inavyozunguka. Wimbo wa mwisho ukaja, ukaisha, na mvua ikaanza kunyesha ndani ya kile kisanduku, taratibu, ikizidi kuwa nzito kadiri betri zilivyokufa, mpaka ikawa mngurumo, mpaka ikawa kimya.

Mama hakungoja. Alikwenda nyuma ya ghala, akajitwika lile tunda, akashuka nalo bondeni akalitupa. Mzee Olwal akaondoka kesho yake amekasirika. Pombe ikanywewa kwa furaha. Na Baba, ambaye angeweza kusema neno moja tu, hakulisema siku ile wala miaka yote iliyofuata. Mama alikandika simba kila kiangazi. Mpaka wa Sirari ulipofunguliwa, hakuja mtu. Mama akasema njiani kuna mambo mengi. Alizeeka hivyo, akiweka chakula pembeni sikukuu, mpole, mwenye uhakika. Sisi watoto tulikua katikati ya uhakika ule, na ulikuwa mzito kuliko msiba, kwa sababu msiba una siku watu wanarudi makwao.

Tulipomzika Mama, Baba alikuwa mzee wa kushikwa mkono. Baada ya wiki chache aliniita, akaniomba nimtafutie yago. Nilishangaa, nikamuuliza kama ameacha kuamini. Akasema hakuwahi kuamini. "Adhiambo, ile ilikuwa sahani ya yule bwana," aliniambia. "Wewe ulisikia ulimi wa Ouma. Mimi nilisikia mkwaruzo. Mtu asiyekubali mpishi wake aguse kitu, hawezi kumpa aende nacho. Anakitoa mpishi akishakufa, na yeye hana la kuwaambia wazazi."

"Kwa nini hukusema, Baba?"

"Min Ouma alikuwa anapiga kigelegele," alisema.

Tulilizika yago kando ya kaburi la Mama. Baba aliagiza ile sahani ya Ulaya iwekwe juu ya tunda, na ikafunikwa kwa udongo pamoja na mkwaruzo wake na mvua yake. Simba ya Ouma tuliiacha bila kuikandika, na mvua za mwaka ule zikaiangusha.

Siku hizi mpaka uko wazi na malori yanapita Sirari yakipanga foleni. Vijana wetu wako Nyamongo wanachimba dhahabu, na mwanangu asipopokea simu jioni moja tu, nimeshapiga kwa watu wanne na bodaboda imeshatumwa kumtafuta. Sisi tuliuliza sahani, ikatujibu, na kila mmoja akasikia alichoweza kukivumilia. Mjukuu wangu amenionyesha kwamba muziki ule upo kwenye simu, umesafishwa, na kuna watu wazima duniani wanaobishana ni chapa ipi iliyo bora, ya kiwanda hiki au kile. Wote wanaisifu ile ya Ulaya. Nimeisikiliza kwenye simu. Ngoma zinatoka chini, mvua ipo, mkwaruzo haupo.

Mimi ninayo ya Nairobi, ile mbaya, aliyoishika Ouma mwenyewe kwa mikono yake alipokuwa hai. Naipiga mara chache, kwa umeme sasa. Wimbo wa tatu unapita laini, nami nagonga kwa ulimi mara tatu mahali pake. Halafu wimbo wa mwisho unakatika kabla ya mvua, naondoa sindano.