Fundi Kitasa na Nyumba Isiyofunguka

Miaka ni mgeni asiyeaga: huingia kwa mlango wa mbele, hutokea uani, nasi tukaachiwa mvi. Jirani yangu, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Kitasa, ilimpitia akipiga tupa, wala haikumwachia mali ya kusimuliwa. Kisha zikaja zama za hofu. Maduka yakawa yanafungwa kabla ya jua kuchwa, na waja tukatambua kwamba tawakali yetu kwa Mwenyezi Mungu ilihitaji kutiwa komeo. Fundi hakuwahi kupata kazi nyingi kama mwaka ule. Ama mlango wake mwenyewe, uliegemezwa kigoda tu. Na kila asubuhi yeye na mkewe walikitoa nje, wakakikalia kwa zamu huku wakinywa chai juani, kwani kilikuwa kimoja.

Shemeji yake, mfanyabiashara wa nguo, hakuweza kuuvumilia utulivu huo.

"Dada yangu hatalindwa na kigoda," alisema.

Akamchukua dada kwake, akamwagiza fundi autie mlango wa nyumba hiyo vitasa vitatu ambavyo mtu wa nje hawezi kuvifungua, "hata wewe, shemeji." Kazi ikiisha, fundi naye ahamie huko, na kijumba chao kipangishwe. Fundi akatii. Kuukataa usalama wakati ule kulihesabiwa kuwa ni namna ya kukufuru.

Asubuhi ya kuhama alifika na mzigo begani na chupa ya chai mkononi, akakuta mayowe dirishani. Shemeji, kwa uvivu wa kufungua vitasa vyote, alikuwa amempitishia dobi koti lake chafu katikati ya nondo. Na funguo zilikuwa mfukoni mwa koti.

"Shemeji, fungua!"

"Nifungue kwa kipi? Si ulitaka hata mimi nishindwe? Haya, nimeshindwa."

"Acha utani, bwana! Tutakufa humu!"

"Mtauawa na nani, na wezi hawawezi kuingia?"

Mtu akatumwa kumfuata dobi. Fundi akaketi juu ya jiwe chini ya dirisha, akamimina chai. Mkewe akasikia harufu yake, akanyoosha mkono. Nondo zilizolipitisha koti zikakikataa kikombe.

"Kunywa tu, mume wangu. Niambie, jua limekufika wapi?"

"Magotini."

Mke akautupia jicho mzigo. "Na huo mzigo ni wa nini?"

"Si nahamia?"

"Ukihamia humu hutanikuta. Mimi natoka."

"Dada! Kule hata kufuli hakuna!" kaka yake akamaka.

"Hapa vipo vitasa vitatu, kaka. Aliyekamatwa ni nani?"

Dobi akarejea na funguo zimetakata. Koti lilikuwa bado majini. Mlango ulipofunguka, mama yule hakungoja hata kuletewa viatu. Fundi akajitwika mzigo wake, wakashika njia ya kwao. Zama hazikuwa zimebadilika, na siku hiyo pia maduka yalifungwa mapema. Shemeji aliwasindikiza hadi njia panda, jambo ambalo hakulifanya tangu hofu ilipoingia mjini. Alilalamikia ukali wa jua njia nzima, wala hakuwa na haraka ya kurudi.

Ewe Mola, Mlinzi usiyesinzia, wazidishie wawili hawa umri na afya, uwaneemeshe wana wao na wana wa wana wao. Na shemeji yao, uliyemruzuku mali, mruzuku na usingizi. Amina.