Rupia za Babu na Mawe ya Mizani

Nilipokuwa mwalimu wa hesabu Kihagara, nilijiona najua kupima kila kitu. Mungu anisamehe.

Ilikuwa miaka ile soko lilipofunguliwa. Huko juu Mbinga wanunuzi binafsi wa kahawa walimiminika na mizani zao za kuning'iniza, na huku ziwani wakaja wageni wakiulizia rupia za Mjerumani, zile sarafu za fedha. Haukupita muda, wajanja wakaanza kusubu za bandia, na kila aliyekuwa na rupia akatazamwa kwa jicho la shaka. Hata mama yangu.

Alikuwa nazo kumi na mbili ndani ya kopo la poda. Ndizo baba yake alizolipwa kwa kubeba mizigo ya Wajerumani kutoka ziwani mpaka Lindi, akarudi na sugu begani aliyozikwa nayo. Mama hakutaka kuziuza. Alitaka kujua jambo moja tu.

"Mwalimu," aliniambia, maana mama yangu mzazi aliniita hivyo kwa fahari, "majirani wanasema baba alilipwa bati. Wewe umesoma. Nipimie."

Upana haukunisumbua. Niliazima kalipa kwa fundi wa misheni, nikapata milimita thelathini na kidogo, sawasawa na kitabu cha sarafu cha padri wa Mapera. Kitabu hichohicho kilisema uzito ni gramu kumi na moja na pointi saba. Hapo ndipo nilipokwama, kwa kukosa mizani. Ile ya kahawa isingehisi hata kuku, na ya zahanati ilikuwa ya watoto wachanga.

Binamu yangu alikuwa mchimba dhahabu milimani. Akaniambia, "Kaka, sisi tunapima kwa njiti za kiberiti. Njiti moja, pointi moja ya gramu. Ning'iniza vifuniko viwili vya soda kwenye kijiti, rupia huku, njiti kule. Utapata jibu hapahapa."

Nilicheka mpaka akaona haya. Yaani nimpime babu kwa kiberiti?

Nikavaa tai, nikapanda Mbinga kwa mnunuzi wa dhahabu. Alikuwa na kisanduku chenye kitambaa chekundu, na ndani yake mawe ya mizani ya shaba, kila jiwe na namba yake. Sisi wote tulishajua kwamba mizani ya mnunuzi wa kahawa haiaminiki, lakini ile ilikuwa ya chuma chenye kutu, na haya yalikuwa yanang'aa. Akanikaribisha chai. Tukapima zote kumi na mbili, na kila moja ikatoa gramu kumi na kidogo. Mjinga mimi sikujiuliza ni bandia gani hiyo yenye upana kamili, tena zote zimepungua kwa kiasi kilekile.

Nilipomwambia mama kwamba ni bandia, alizimimina zote mkekani.

"Basi alibeba bure," akasema.

Akaomba nyundo na msumari. Akazitoboa zote, akazifunga kwenye wavu wa nyumbani ziwe chubwi, angalau zizamishe nyuzi. Mimi ndiye niliyemshikia msumari. Tangu siku ile hakusimulia tena habari za baba yake, na sisi tuliokua kwa hadithi zile hatukuthubutu kumwomba. Akafariki masika ya tatu baada ya hapo.

Mwaka uliofuata wachimbaji waligombana na yule mnunuzi, wakamwaga kisanduku chake chini. Mawe yote yalikuwa yametobolewa kwa chini na kujazwa risasi, madini mazito kuliko shaba. Kila mwenye dhahabu aliambiwa yake ni nyepesi, na mimi nikaambiwa hivyohivyo. Binamu ndiye aliyeniletea habari. Hakunicheka. Angenicheka ningemshukuru.

Tuliushusha wavu kutoka darini. Rupia saba zilishakatikia ziwani. Tukakata moja kati ya tano zilizobaki, tukaisugua matope, nikatafuta kijiti na vifuniko viwili vya soda. Niliweka njiti kwa mkono wangu mwenyewe, moja moja, mpaka boksi la tatu. Kijiti kililala sawa kwenye njiti ya mia moja na kumi na tano, yaani gramu kumi na moja na nusu, na hapo rupia ina tundu la msumari.

"Ni yenyewe, kaka," binamu akasema.

Babu hakubeba bure. Aliyemwambia mama kwamba alibeba bure ni mimi, na mama alikufa akiniamini.