Siku Waceke Alipokuja Kusukwa

Sisi wasusi wa Kenyatta Market hatuna haja ya kugombana na mtu. Mtu akikukosea, unamngoja tu. Ipo siku atataka rasta, na siku hiyo atakuja na miguu yake mwenyewe, akae kwenye kiti chako, akugeuzie kisogo. Madam Waceke alikuja Jumamosi moja ya Agosti, saa nne asubuhi, na rafiki yangu Kamene alikuwa amemngoja miezi sita.

Acha kwanza nikwambie Kamene ni nani, maana sitaki umhukumu bure. Ni Mkamba wa Mutomo, ana mtoto mmoja, na tumesuka naye kibanda kimoja miaka kumi na minne. Mimi naitwa Shiru. Mimi ndiye mdomo wa kibanda, yeye ndiye mikono. Mimi nawavuta wateja kule njiani, "Kuja madam, rasta ama mistari?", na mteja hajamaliza kusema anachotaka Kamene ameshamgawa nywele. Alikuwa na kicheko cha kusikika mpaka kule wanakochoma nyama. Likizo zote binti yake Kasyoka alikuwa anakuja kutoka nyumbani kwao Kangemi kutusaidia, na yule mtoto, aki, alikuwa na vidole! Akiwa na miaka kumi na tano alikuwa anasuka mistari myembamba ambayo mimi nikiijaribu naona kizunguzungu.

Halafu mwaka juzi akarudi kutoka shule ya bweni akiwa si yule. Kuna jambo lilimpata huko, na nilichoambiwa nitakinyamazia. Akaanza kuwa na siku mbaya. Siku mbaya ikija anakunja nguo zake zote, anazikunjua, anazikunja tena, kisha anajifungia chumbani, na hapo ndipo unajua maisha yake yako hatarini. Kamene akampeleka kwa mshauri mmoja kule Parklands, msichana mpole anaitwa Anita. Wakaketi wote watatu wakaandika ukurasa mmoja wakauita mpango wa usalama. Maneno yenyewe yalikuwa ya kawaida. Ishara ni hizi. Dawa zinawekwa kwa mke wa mzee Muema, msimamizi wa ploti wanayopanga. King'ora kizimwe kule barabarani. Anayepanda ngazi awe mtu mmoja, aketi sakafuni, asifoke, amwulize habari za kusuka. Na chini kabisa Kasyoka aliandika kwa mkono wake, akayapigia mstari: MSINISHIKE MKONO.

Anita akasema nakala moja lazima iende kwa watu wa dharura, wale wanaokuja na ambulensi ukipiga simu, ili siku wakija waje wakijua. Kamene akaipeleka kituoni kwao. Wakamrudisha akatafute muhuri wa chifu. Akapanga foleni kwa chifu siku mbili, akapata muhuri, akarudi. Nyuma ya meza alikuta mwanamke wa miwani, msimamizi wa zamu, kibao mbele yake kimeandikwa jina lake, Waceke. Akaipokea, akaitia kwenye droo, hakuinua macho. Kamene akasema asante hata hivyo.

Siku mbaya ilikuja Februari, mchana, sisi tukiwa kazini. Mzee Muema akapiga simu ya dharura kama alivyoelekezwa. Wee! Walikuja na king'ora kinalia kutoka Waiyaki Way mpaka mlangoni. Wanaume wanne na askari mmoja, na ploti nzima imejaa kwenye ngazi kutazama. Wakagonga, wakafoka, wakavunja mlango. Kiongozi wao, Gerishon, akamkamata Kasyoka mkono wa kulia, akaupinda nyuma, askari akatia pingu. Mtoto alilia mpaka sauti ikakauka, akiwaambia kuna karatasi, someni karatasi. Hakuna aliyejua karatasi gani. Kifundo cha mkono kilivunjika. Mfupa ulipona, lakini kidole gumba hakikupona, na mpaka leo hakiwezi kubana nywele.

Kamene alienda kulalamika. Yule yule Waceke akamjibu, "Mama, sisi tulifuata utaratibu," akiandika, macho kwenye daftari. Tena! Jioni hiyo Kamene alirudi kibandani akaketi juu ya ndoo akaniambia, "Shiru, huyo mwanamke nitamlipiza. Sijui lini, lakini nitamlipiza." Nikamwambia tutamlipiza. Sikuwa natania. Na lililomnyima Kamene usingizi si kidole peke yake. Kasyoka alikuwa amemwambia kwamba wale watu wakija tena kwa namna ile, hawatamkuta hai.

Basi ile Jumamosi ni mimi niliyemvuta Waceke kutoka njiani, bila kumjua. Nikamkalisha. Nikasikia vidole vya Kamene vimenibana mkono. "Ni yeye," akaninong'oneza. Waceke akamtazama Kamene usoni, akauliza, "Mtachukua muda gani?" Hakumjua. Angemjuaje, na siku zote mbili hakumwangalia?

"Muda kidogo tu, madam," nikamjibu. "Tuko watatu."

Hapo ujue jinsi tunavyofanya. Kichwa kimoja kinasukwa na watu watatu kwa pamoja ili kiishe mapema. Kamene akachukua kulia, mimi kushoto, Kanini akachukua nyuma. Kanini ni mgeni kibandani na hakujua lolote, kwa hivyo alisuka vizuri, maskini. Sisi wawili tulikaza. Kila msusi anajua kukaza kwa kawaida, na anajua ile nyingine, ya kukamata vinyweleo vya kwenye paji la uso, vile vidogo kabisa, unavikusanya na kuvivuta kama unayeng'oa msumari. Kufika rasta ya kumi nyusi za Waceke zilikuwa zimepanda. Machozi yakaanza kumtoka yenyewe.

"Woi, mnanivuta!"

"Pole madam. Hivyo ndivyo zinakaa muda mrefu."

Nilifurahi. Sitakudanganya, nilifurahi sana, na kila nikivuta nilikuwa nasema kimoyomoyo, hii ni ya pingu, na hii ni ya utaratibu.

Saa sita kichwa kilikuwa kimefika nusu. Kamene akaacha kusuka, akazunguka mpaka mbele, lakini rasta moja hakuiachilia. "Madam, unanijua?"

"Hapana."

"Mimi ni mama wa Kasyoka wa Kangemi. Yule mliyemvunja mkono. Nilikuletea karatasi yake, ukaitupa kwenye droo."

Waceke akataka kusimama. "Keti!" Kamene akamwambia, na nywele alikuwa amezishika.

"Utaenda wapi na nusu kichwa?" nikaongeza mimi.

Akaketi. Vibanda vya jirani vikanyamaza, maana soko letu linajua kusikiliza. Nilidhani ataomba msamaha ama atatutukana. Alivua miwani akapangusa macho.

"Sasa nakumbuka," akasema. "Haikuwa karatasi, mama. Ilikuwa bahasha ya kaki. Umeizungushia selotepu mara tatu, na juu umeandika kwa kalamu nyekundu, SIRI, ISIFUNGULIWE. Iko kwenye droo mpaka leo. Mimi nikatii."

Nikamgeukia Kamene nikingoja amwite mwongo. Hakumwita. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Karani wa chifu aliisoma kwa sauti," akasema polepole. "Foleni nzima ikasikia. Mwingine akacheka. Nilitoka pale nimejaa aibu, nikanunua bahasha, nikasema hakuna mtu mwingine atakayesoma mambo ya mtoto wangu." "Na kweli hakuna aliyesoma. Niliwaficha hata watu wa kumwokoa, Shiru. Ni mimi."

"Ni wewe nini?" nikawaka. "Na huyu? Mama analeta bahasha kituo cha dharura, hata humuulizi ina nini? Siku amekuja kulia mbele yako, hata siku hiyo hukuifungua?" Nilitaka kuongeza, na nilikuwa nayo mengi, lakini simu ya Kamene ikalia.

Alikuwa mzee Muema. Alikuwa anapiga kelele hata sisi tukasikia. "Mama Kasyoka, amejifungia! Nguo zote ziko kitandani. Nimepiga ile simu, wako njiani!"

Kamene akashika meza. Kutoka kwetu mpaka Kangemi Jumamosi ni saa nzima, ukiwa na bahati. Angefika amechelewa, na wale wangefika mapema na king'ora chao. Akambonyezea Kasyoka simu, haikushikwa. Akabonyeza ya Anita, imezimwa. Alikuwa anarudia tu, "Wanakuja, Shiru, wanakuja tena."

Waceke alikuwa ameshatoa yake. Nusu ya kichwa imesimama wima kama manyoya ya kuku, lakini sauti ilikuwa ya ofisini. "Gerishon, mko wapi? Zima king'ora. Nasema zima sasa hivi! Hakuna anayepanda ngazi bila mimi kusema. Mama wa msichana yuko hapa, msikilize neno kwa neno." Akaiweka simu kwenye spika, akaiinua mbele ya mdomo wa Kamene.

Kamene akaitazama. Huyo wa ndani ya simu ndiye aliyempinda mtoto wake mkono. Niliona taya lake likicheza, nikajua matusi gani yako pale, maana mengine nilimfundisha mimi. Akayameza yote.

"Uko na nani?" akauliza.

"Niko na Mwau, dereva," Gerishon akajibu. "Mama, mimi ndiye nilikuja ile siku. Atajua sauti yangu."

"Basi wewe baki ndani ya gari. Apande Mwau peke yake, hata askari asipande. Muema awaondoe watu kwenye ngazi. Mwau aketi sakafuni nje ya mlango, asigonge. Aseme jina lake, kisha aseme ana binti wa kusukwa mistari na hajui aanzie wapi. Halafu angoje. Hata ikiwa saa nzima, angoje. Na mlango ukifunguliwa, mikono aiweke magotini. Asimshike mkono. Umesikia? Asimshike mkono."

"Nimesikia, mama. Nampa Mwau simu hii apande nayo."

Tukangoja. Hakuna aliyeita mteja. Nikatazama nikaona mikono ya Kamene imerudi kwenye nywele za Waceke inasuka yenyewe, na mwenyewe hajui. Waceke alishika ile simu juu dakika ishirini na tano, hakuushusha mkono. Tulisikia Mwau akiongea kwa mbali, mambo ya nywele, anakosea kila kitu, anasema mistari inaanzia shingoni. Kisha tukasikia sauti nyembamba, imekasirika, ikimwambia si hivyo.

Komeo la mlango likalia. Hatua. Halafu mtu mwingine akashika simu.

"Mwaitu," Kasyoka akasema. Ndivyo anavyomwita mama yake. "Mwaitu, hawajanishika."

Kamene akaketi chini, palepale kwenye nywele zilizokatwa, akalia mbele ya soko zima. Nami nililia, nini mbaya?

Alipoweza kusimama alikuwa anatafuta mkoba akimbilie Kangemi. Waceke aliomba kalamu, akachana kadi ya pakiti ya nywele, akaandika mpango wote upya Kamene akimtajia, mpaka ule mstari wa chini. "Inakaa ndani ya gari," akasema, "bila bahasha." Kamene akaisoma, akaitikia kwa kichwa. Kisha, akiwa ameshavaa mkoba begani, akachukua kitana akafumua zile rasta zake za mbele moja moja, haraka, ili zisije zikamng'oa nywele. Alipomaliza akamwachia Kanini azisuke upya, akaondoka mbio.

Mimi upande wangu sikufumua. Kamene amemkuta mtoto wake hai na amesamehe, hiyo ni yake. Mimi ndiye ninayekaa na Kasyoka kibandani nikimwona anajaribu kubana uzi kwa kile kidole, unamponyoka, anauokota, unamponyoka tena. Waceke alijitazama kwenye kioo, upande wa kulia umetulia, wa kushoto umevuta jicho mpaka karibu na sikio. Alinitazama. Alijua. Hakuniomba nilegeze.

Alipofika njiani nikamwita. "Madam! Kichwa kikikuuma leo usiku, piga simu ya dharura."

Akashika shavu la kushoto, akaenda zake.