Mama Alivyotufunza Kupumua Xiaobei

Juzi jirani yangu alikuwa akipika achari ya maembe, na siki ilipoanza kuchemka nikainuka nikatoka bila kuaga. Baadaye akaniuliza kama amenikosea. Nikamwambia kichwa kilinigonga. Wewe nitakwambia kweli: harufu ile hunirudisha China, jiji la Guangzhou, kwenye chumba chetu cha mtaa wa Xiaobei, miaka ile jiji likijengwa bila kupumzika, na vumbi la saruji likituingilia hadi kwenye sufuria ya wali.

Baba alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, amepata udhamini wa masomo. Mimi na mama tulimfuata kutoka Mombasa nikiwa darasa la pili. Tulipanga ghorofa ya juu, nyuma ya maduka ya simu ya mtaa wa Dengfeng, chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Mama alizaliwa na pumu. Alipokuwa msichana, mwalimu wake wa shule, mama wa Kihindi, alimfunza yoga ile ya kale, ya mikao na pumzi, isiyo na muziki wala kioo cha kujitazama. Aliishika kama watu washikavyo sala. Bomba lake la pumu lilikuja China ndani ya sanduku, chini ya nguo za Idi, na likasahaulika humo.

Alfajiri, baada ya kuswali, mama hakurudi kitandani. Alikoroga chumvi kwenye maji ya vuguvugu, akainamia beseni na birika dogo la chai, akamimina maji tundu hili la pua yakatokea lile. Nilicheka kila asubuhi kana kwamba ni mara ya kwanza. Kisha alitandika busati, akalala kifudifudi na kuinua kifua taratibu kama nyoka anayechungulia juu ya majani. Mwisho aliketi, akaziba tundu moja kwa kidole gumba, akavuta, akabana, akaachia polepole mpaka nikadhani amesahau kuvuta tena. Nilimwiga. Niliuchukia mkao mmoja tu, wa kulala chali, macho yamefungwa, viganja wazi. Aliuita mkao wa maiti. Nilimtekenya nyayo mpaka akacheka.

Hatukula ovyo. Pojo, wali, mboga za majani zilizochemshwa na tangawizi. Pilipili na vya kukaanga vilingoja Ijumaa. "Tumbo lina mafungu matatu," mama alisema, "la chakula, la maji, na la pumzi. Ukilijaza lote chakula, pumzi utaiweka wapi?" Tulikuwa na sahani tatu na ndoo mbili, na mama hakutaka zaidi, katika mtaa ambao kila mtu alikuwa mbioni kutafuta zaidi.

Wanawake wa biashara kutoka Nairobi na Mombasa walikwenda soko la Shiling kununua mikoba, wakarudi miguu imevimba na migongo imekakamaa. Wakasikia habari za mama, wakaanza kuja jioni. Mmoja alisimama mlangoni na viatu mkononi.

"Lakini dada, hii si ibada ya Wahindi?"

"Pumzi haina dini," mama alimjibu. "Mwenye dini ni anayepumua. Ingia ukae."

Aliingia, akalala chali kama alivyoelekezwa, na baada ya muda akawa anakoroma. Tulimfunika leso.

Mlango wa pili aliishi mjane wa Kichina, Mwislamu wa kabila la Hui, aliyeuza tambi za supu ya ng'ombe chini ya jengo. Alimwita mama "meimei", yaani mdogo wangu, na kila alipobakisha supu alitugongea. Mama hakujua lugha yake, na yeye hakujua yetu. Mkalimani nilikuwa mimi, kwa Kichina nilichookota kwa watoto wa ngazini.

Kisha ukaja mwaka wa ile homa ya mapafu ya kuambukiza. Watu walifunika midomo, na ukikohoa barabarani njia inafunguka mbele yako. Ikavuma kwamba mvuke wa siki unaua ugonjwa. Ukienda dukani kuulizia siki ni "meiyou, meiyou", hakuna. Yule mjane alipanga foleni mpaka akapata, akaweka jiko katikati ya ukumbi, akaichemsha kutwa kwa ajili yetu sote. Mlango wetu aliupepea kwa mkono wake, mvuke uingie vizuri.

Kifua cha mama kikabana siku ileile. Nikataka kwenda kumwambia jirani azime jiko.

"Usiende," mama alisema. "Ukimwambia siki inanibana, watajua nakohoa. Wakijua, watu wa afya watakuja kunichukua."

"Basi twende hospitali wenyewe," baba alisema.

"Wanifungie na wagonjwa wa homa ile? Nanyi mfungiwe kwingine? Mtoto atabaki na nani? Nipe muda. Nimeishinda tangu utotoni."

Baba alipekua sanduku. Bomba lilikuwa limepitwa na muda wake. Alizunguka maduka ya dawa akarudi mikono mitupu. Mama alikaa juu ya busati, mgongo umenyooka, kidole puani, akiifuata pumzi kama alivyotufunza. Lakini ilikuwa ikiingia na haitoki. Kifua kilipiga filimbi. Usiku ulipita, na mwingine, na baba alikuwa akisimama, akiketi, akisimama tena. Mchana mmoja niliona midomo ya mama imekuwa ya zambarau. Safari hii baba hakumwuliza. Alimbeba mgongoni, akashuka naye ngazi zote.

Walimpokea getini watu waliofunikwa mwili mzima. Sisi tulibaki nje ya uzio. Jioni daktari alikuja akasema haikuwa homa ile. Ilikuwa pumu tu. Angeletwa mapema asingekufa, alisema. Njia nzima baba alirudia maneno hayo mawili: pumu tu, pumu tu.

Wanafunzi wa mama walikuwa wamekimbilia makwao kwa ndege za mwanzo. Aliyekuja kumwosha ni mjane, na mwanamke mwingine wa msikitini. Walipomaliza, mjane alitoka mikono bado imelowa, akachuchumaa mbele yangu.

"Muulize baba yako," alisema. "Ilikuwa siki yangu?"

Nilimgeukia baba nikamfasiria. Aliitazama ile mikono iliyolowa.

"Mwambie hapana. Mwambie kifua chake kilikuwa kibovu tangu zamani."

Nikasema hivyo, kwa Kichina changu cha ngazini. Mjane alinikumbatia akalia, nami nikasimama wima kama kijiti.

Tulirudi Mombasa kabla baba hajamaliza masomo. Waendao China kununua mali waliniambia jengo lile halipo tena. Pamesimama mnara wa vioo. Mjane hatukupata habari zake. Hata Kichina kimenitoka, limebaki neno hapa na neno pale.

Miaka mingi baadaye, baba amezeeka, nilimuuliza kwa nini alidanganya.

"Ningemwambia ndiyo," alisema, "angeishi vipi?"

"Na wewe, baba, umeishi vipi?"

Aligeukia dirishani, akaniomba maji ya kunywa.