Siku Kistari Kilipogeuka Masharubu

Mpaka leo nikishuka kwenye bodaboda pale Mfaranyaki kuna wamama wauza mboga wananiita Mwalimu Masharubu, na mimi naitika, nitafanyaje, mtu mzima nina watoto na steshenari yangu ya kuchapa na kutoa kopi, na jina lenyewe nimelipata mchana kweupe, msibani, mbele ya umati, tena kwa mikono yangu mwenyewe. Sikusingiziwa. Kwa hiyo nawasimulia, ila mcheke taratibu, kidonda bado kibichi.

Kisa kizima kimeanzia kwa Mwalimu Ngonyani, aliyetufundisha Kiingereza sekondari hapa hapa Songea. Enzi zile shule ilikuwa na kompyuta moja tu, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama meza ya altare, na kuingia kwenye chumba chake ulivua viatu, na intaneti tulikuwa tunaisikia tu kwa watu waliotoka Dar. Sasa Mwalimu akasema haiwezekani wanafunzi wake wamalize shule hawajui kutuma e-mail, basi akatufundishia ubaoni kwa chaki. Kila dawati likapewa anwani yake, unaandika ujumbe wako kwenye kipande cha karatasi, juu unaweka anwani ya unayempelekea, kisha unasimama unakimbia nayo mpaka dawati la mwenzio (barua pepe kwa miguu, jamani, na tulikuwa tunajiona tumeshafika Ulaya). Ya kwanza kabisa mimi nilimpelekea rafiki yangu Zaituni, nimemwandikia, "Zaituni, una mhogo?" Akajibu, "Nimeshakula."

Na ole wako uandike neno lenyewe bila kistari katikati. Karatasi ilikuwa inarudi na wino mwekundu: "Imerudi. Daraja limevunjika." Maana Mwalimu alikuwa na somo lake hilo, anasimama mbele ya ubao, kidole juu, na masharubu yake membamba yaliyonyooka mpaka tukaamini anayakata kwa rula, anasema, "E iko ng'ambo ya Ruvuma, mail iko huku kwetu. Bila daraja zitakutanaje?" Na sisi darasa zima, "Hazikutani, Mwalimu!" Nikikumbuka sauti zile za asubuhi, baridi inatoka mdomoni kama moshi, masweta yametoboka viwiko, moyo unaniuma kwa raha.

Wenzangu walikua wakayaacha. Mimi sikuacha. Steshenarini kwangu mteja akileta barua yake ya kuomba kazi naiwekea vistari kila mahali, on-line, web-site, lap-top, mpaka kijana mmoja aliniambia, "Dada Skola, hii barua yangu mbona kama imeshonwa na uzi?" Na kwenye grupu letu la simu la waliosoma na Mwalimu, ugomvi wa kistari ulikuwa hauishi, mimi upande huu, Zaituni upande ule. Zaituni ananiambia, "Skola, dunia imehama, hilo ni neno moja siku hizi, hata vitabu vimekiondoa." Mimi namjibu, "Vitabu vimekosea." (Ndivyo nilivyo, kichwa changu kikishashika kitu hakiachii, hata marehemu mama alikuwa anasema huyu mtoto angezaliwa kisiki.) Mwalimu mwenyewe alikuwa hayumo kwenye grupu, ila tulikuwa tunaandikiana mimi na yeye, na kila akiniandikia, kistari kipo, kimekaa mahali pake. Nikawa najiona mimi ndiye mlinzi wa urithi.

Basi Mwalimu akafariki. Tukalia sana. Grupu likaamua tutengeneze bango la kumuaga, kwa Kiingereza chake, na kwa sababu tulikuwa tunajiita Darasa la E-mail, likaja swali: kistari kiwepo au kisiwepo? Wakapiga kura. Nikashindwa. Bango likachapwa na EMAIL imeshikana kama watu kwenye foleni ya mbolea, nikakabidhiwa mimi nilipeleke msibani, na hapo ndipo shetani aliponikuta niko peke yangu dukani na tepu nyeusi ya fundi umeme. Nikaitazama tepu. Nikalitazama bango. Nikakata kipande, nikakibandika kati ya E na M, nafasi yenyewe finyu kikawa kimekanyaga herufi zote mbili, nikasema potelea mbali, Mwalimu hazikwi na daraja limevunjika.

Nilipofika nyumbani kwa marehemu nikakuta turubai limejaa, baridi ya mwezi wa saba mnaijua, watu wamejikunyata kwenye makoti na vitenge. Nikaingia ndani kumpa pole mjane, Mama Ngonyani. "Shikamoo Mama." Kimya. Wakaniambia ndivyo alivyo tangu mumewe akate roho, hasemi, halii, hata uji anaushika tu kikombe mpaka unapoa. Ameketi mkekani anautazama mlango. Wanawake waliokuwa naye walikuwa na hofu kweli, na mdogo wake marehemu, tunayemwita Baba Mdogo, akawa anasema pale pale kizingitini, "Waiteni watani. Waiteni Wabena. Huyu asipocheka hatalia, na asipolia tutamzika na yeye." Nilisikia kwa masikio yangu haya. Hiyo mnikumbushe baadaye nikianza kujitetea.

Wakamtoa Mama nje wakamketisha mbele, karibu na jeneza. Mimi na wenzangu tukafunga bango kwa kamba kwenye nguzo za turubai. Zaituni akakiona kistari. Alinyanyua nyusi tu, akavuta mtandio wake akageukia pembeni. Nikamwona anamnong'oneza jirani yake, nikajua ananisema mimi, damu ikaanza kunichemka.

Ndipo alipotokea Mama Mgaya. Huyu ni Mbena wa Njombe, jirani wa Mwalimu miaka na miaka, anauza viazi, na walikuwa wanataniana kwenye ua kila asubuhi, "Mngoni ukifa nitavaa koti lako," "Na wewe Mbena ukifa viazi vyako halali yangu." Akaingia msibani na watani wenzake, amevaa koti la Mwalimu kweli, miwani ya Mwalimu, chaki mkononi, anatembea vile vile kwa kuvuta mguu wa kushoto. "Kamweneee!" akatusalimu kwa Kibena chake, "Nani hajafanya kazi ya nyumbani?" Watu wakaanza kuguna, wengine wanabana vicheko. Akawapita wazee anawaambia, "Wangoni ninyi, mlitukimbiza na mikuki, leo mnalia kama kuku kwa mtu mmoja?" Akamchungulia mjane usoni. Mjane hakutikisika.

Mama Mgaya akalisogelea bango. Akalisoma kwa sauti kama anaokota mawe. Akakiona kistari, akakigusa kwa kucha, akakibandua (tepu yenyewe nilikuwa nimeibandika kwa haraka), akaiinua juu watu wote waione, kisha, jamani, akaibandika chini ya pua yake. Masharubu! Membamba, meusi, yamenyooka rula, Mwalimu Ngonyani mtupu! Turubai zima likalipuka, wamama wa jikoni wakatoka na miiko yao, na mjane, namwambia Mungu ukweli, pembe ya mdomo wake ilianza kucheza.

Sasa mtu mwenye akili timamu angenyamaza pale. Mimi nikaona nini? Nikaona Zaituni anacheka mpaka anafuta machozi, nikajiambia, kumbe ndiye kamtuma, wameungana na Mbena kuking'oa kistari cha Mwalimu mbele ya jeneza lake. Nikainuka. Nikamfuata Mama Mgaya, mama mtu mzima wa kumwamkia shikamoo, nikayang'oa yale masharubu mdomoni mwake, praa! Nikapiga kelele, "Huna adabu! Huu ni msiba!" Na katika kurudi nyuma mguu ukanasa kwenye kamba, nikaenda chini na kamba, kamba ikaja na bango, bango likaja na nguzo, na upande mzima wa turubai ukawashukia Baba Mdogo na wazee wenzake, unaona tu vichwa vinatembea chini yake kama vifaranga ndani ya tenga.

Nilitamani kulala kwenye jeneza mimi. Nikamtazama mjane. Mdomo umefunga tena. Macho yamerudi mlangoni. Hapo ndipo nilipoelewa nilichokifanya, na moyo ulinishuka mpaka kwenye kandambili, maana kile walichokitafuta wiki nzima, mimi nilikuwa nimekiua kwa sababu ya kipande cha tepu.

Baba Mdogo akatokea chini ya turubai, kofia imepinda. Akauliza taratibu, na ule utaratibu ndio ulioniua, "Binti, wewe si Mngoni? Mtani anakasirikiwa? Msibani? Kwenu hawakukufunza?" Mtoto wa shule ya msingi hapa kwetu anajua mtani akija msibani anaweza kulala kaburini akakataa kutoka, na wewe kazi yako ni kumbembeleza, siyo kumnyang'anya masharubu.

Mama Mgaya, mdomo wa juu umemwiva mwekundu kama nyanya, akaniangalia toka kichwani mpaka miguuni. Kisha akasema, "Huyu ni wetu. Amekasirika, sheria anaijua, anayemkasirikia mtani analipa." Watani wakanikamata, wakanifunga kanga kiunoni, wakanivika koti la Mwalimu linanuka chaki na tumbaku, wakanibandika ile tepu chini ya pua, Mama Mgaya akaigandamiza kwa kidole gumba na kisasi chote cha Wabena. "Umetuvunjia somo. Haya, fundisha wewe."

Nikabaki nimesimama mbele ya watu. Nisingeweza kukimbia, wamenishika kanga. Nikafungua mdomo, na sauti iliyotoka, wallahi nilishtuka mwenyewe, ilikuwa ya Mwalimu. Si nimemsikiliza miaka yote hiyo? Nikainua kidole. "E iko ng'ambo ya Ruvuma." Watu wakatulia. "Mail iko huku kwetu." Nikaona wenzangu wa darasani wanatazamana. "Bila daraja zitakutanaje?"

Nikasikia sauti moja kutoka nyuma, ya Zaituni, "Hazikutani, Mwalimu!" Halafu darasa zima, watu wazima wenye vitambi na mvi, wengine sasa ni walimu wenyewe, "Hazikutani, Mwalimu!" Nikavuta mguu wa kushoto, nikamgeukia Zaituni, "Wewe! Una mhogo?" Akajibu, "Nimeshakula, Mwalimu!"

Mama Ngonyani akacheka. Kicheko kilianzia tumboni, kidogo kidogo, mabega yakaanza kutikisika, kikatoka, kikawa kikubwa, akajipiga magoti, na katikati yake hapo hapo kikageuka kilio, akalia kile kilio tulichokuwa tunakisubiri wote, "Mume wangu weee," na Mama Mgaya akawa wa kwanza kumdaka, wakalia wameshikana, mtani na mjane, hakuna aliyewaambia wanyamaze.

Baadaye, tumeshazika, tunakula, akaniita nikae karibu yake. Masharubu bado ninayo, nimekatazwa kubandua mpaka jua lizame. Nikamwambia, "Mama, nisamehe. Nilikuwa nalinda kistari cha Mwalimu." Akanishika mkono.

"Skola, mwanangu, mwenzio alishakiacha siku nyingi. Watoto wake mwenyewe anawaandikia bila hicho kitu. Ni kwako tu. Nikimwona anahangaika na miwani, anakitafuta kwenye simu, namwambia baba, si uache tu, utaumiza macho. Ananiambia, 'Hii ni ya Skola. Nisipomwekea atadhani naumwa.'"

Nililia na masharubu yangu, na tepu ya fundi umeme jamani haibanduki kwa machozi. Miaka yote nilidhani ninamlinda yeye.

Tangu siku ile nimejiapiza, mtani akija msibani hata akining'oa nywele zangu nitamwambia asante, na Mama Mgaya nikimwona namwamkia shikamoo kwa magoti yote mawili, ananijibu, "Marahaba masharubu." Dukani kwangu sasa mteja anachagua mwenyewe, anataka kistari naweka, hataki naacha, hakuna ugomvi. Na wiki iliyopita Zaituni ameniandikia kwenye simu nimtumie picha za msiba kwenye e-mail yake. Nikasoma. Nikarudia kusoma. Kistari kipo, kimekaa katikati, kimenyooka. Zaituni! Nikampigia simu hapo hapo.

"Zaituni, unaumwa?"

Akasema, "Siumwi, Skola. Hiyo ni ya kwako."