Ngumi Niliyoimaliza kwa Dua

Nimekosa, jamani, na wa kumsingizia sina. Refa nilikuwa mimi, filimbi ilikuwa shingoni mwangu, na akili sijui niliiacha wapi siku hiyo.

Ilikuwa miaka ya tisini, Garissa. Nilikuwa mwalimu wa hesabu, na kwa kuwa ni mimi tu niliyekisoma kitabu cha sheria za mpira wa kikapu nikakimaliza, mechi za shule za sekondari nilizichezesha mimi. Nilivyojiona! Soksi nyeupe hadi magotini, kwenye vumbi lile!

Siku hiyo ilikuwa nusu fainali, baada ya alasiri. Timu yetu ilicheza na vijana waliokuja kwa lori kutoka Wajir. Upande wetu alikuwamo Yusuf, mtoto wa dada yangu. Mimi ni abti yake, yaani mjomba. Kijana alijua kulenga kikapu, mashallah! Wachaguzi wa timu ya mkoa walikuwa wamesema wataamua kwenye fainali, kesho yake.

Kipindi cha pili, mlinzi wa Wajir akamvuta Yusuf fulana. Yusuf akageuka, akamtandika ngumi ya shavu, paa! Hatua mbili tu kutoka niliposimama.

Sheria haina maneno mengi. Anayepiga ngumi anatoka, na mechi inayofuata hachezi. Yaani fainali. Yaani timu ya mkoa, kwaheri!

Nikapuliza filimbi, kisha nikaganda. Pembeni ya uwanja wazee walikuwa wameketi kwenye mikeka wakiwatazama watoto wao. Mmoja akanyanyuka na bakora yake, akaingia hadi katikati, akasema kwa lafudhi yetu ya Kisomali:

"Maalim, hawa ni fijana tu. Wabatanishe, mchezo uendelee."

Lo, nililidaka neno lile! Kwetu ugomvi humalizwa na wazee, nikajiambia, na kitabu kimeandikwa na watu wasiotujua. Nikawapeanisha mikono, mzee akaomba dua, uwanja mzima ukaitikia amin. Hata yule wa Wajir aliitikia, huku ameshika shavu. Watu wakapiga makofi, nami nikavimba kichwa. Wallahi, moyoni nilijua namwokoa nani!

Nahodha wa Wajir akanijia taratibu. "Maalim, kwa hiyo leo ngumi ni dua tu?"

"Leo tumepatana," nikamjibu, kifua mbele.

"Sawa. Tumeelewa."

Walielewa kweli! Zikiwa zimebaki dakika nne, Yusuf aliruka kufunga. Kijana mmoja mkubwa wa Wajir akamsukuma kwa mikono miwili akiwa hewani. Yusuf akaangukia saruji, na kifundo cha mkono wake wa kulia nikakisikia kikivunjika.

Yule kijana hakukimbia. Alinifuata mwenyewe, mkono ameunyoosha. "Maalim, niko tayari kubatana."

Nikamwonyesha atoke nje. Uwanja wote ukanizomea, na walikuwa na haki! Nimtoe yeye, na wangu nilimwacha?

Mkono uliunga vibaya. Haukurusha tena mpira wa maana. Dada yangu alininunia mwezi mzima, lakini hilo nililistahimili. Lililonichoma ni maneno ya Yusuf kule hospitalini, plasta ikiwa bado mbichi.

"Abti, ungenitoa tu. Ningekosa fainali moja."

Hakusema kwa hasira. Nilitoka nje nikalia kando ya ukuta, mwalimu mzima!

Kwa hiyo wewe unayechezesha watoto wa shule, nakusihi. Mapatano ni mazuri, lakini yangoje mechi iishe. Aliyepiga ngumi mtoe, hata akiwa wa dada yako. Hasa akiwa wa dada yako! Atakukasirikia, mama yake hatakukaribisha chai. Lakini jioni ile atarudi nyumbani na mikono yake yote miwili mizima.